Uzoefu wangu: kulipia ukaguzi wa gari peke yake, kabla ya kutengeneza chochote

Gari ni Toyota Premio ya 2003, injini ya 1ZZ, cc 1,800. Dashibodi inasoma kilomita 241,000, na hizo nazichukulia kuwa ndiyo kima cha chini, maana gari ulilonunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu, dashibodi yake ni shahidi wa upande mmoja. Nalitumia hapa Dodoma kutoka Kisasa kwenda kazini Mtumba, na likizo linanipeleka Iringa kwa wazazi kupitia Mtera. Wanaoijua njia hiyo wanaujua mlima Nyang'oro. Kupanda kwake kunapima rejeta, kushuka kwake kunapima breki.

Mwaka huu lilianza kutoa moshi asubuhi, likawa linagonga mbele kila likivuka tuta, halafu taa ya injini ikawaka na kugoma kuzima. Gereji moja hapa mjini ikaniandikia orodha: injini ishushwe, ringi za pistoni zibadilishwe, taiming belti mpya, shokapu zote nne, rejeta mpya, na neno moja tu mwishoni, "sensa", bila kusema sensa ipi. Jumla ilikuwa inakaribia milioni nne. Hela ilinitisha, lakini kilichonifanya niikunje ile karatasi ni belti. 1ZZ haina taiming belti, ina cheni. Aliyeandika belti hapo hakuikagua injini yangu. Aliandika anachowaandikia wote.

Ofisini ushauri ulikuwa mmoja: uza, agiza jingine. Nikakaa na kalamu. Gari la kuagiza lenye umri ninaoumudu limeshavuka miaka 8, kwa hiyo linakuja na ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote, na likifika nalo ni mtumba ambao ugonjwa wake siujui. La kwangu angalau naishi nalo. Swali likabaki kujua linaumwa nini hasa.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa upande wa Chang'ombe ambaye anatoza ukaguzi kama kazi inayojitegemea. Alinitoza shilingi 50,000. Hazikatwi kwenye matengenezo ukiamua kutengeneza kwake, na spea hauzi. Anakuandikia jina la kifaa, unanunua unapotaka. Najua wengi mtaguna. Dodoma tumezoea fundi kuinua boneti na kuangalia bure. Ila huyo wa bure anakula wapi kama si kwenye spea atakazokwambia ununue?

Sharti lake la kwanza lilinikera: gari lilale kwake. Hataki kulikagua likiwa limetoka barabarani na joto lake. Jioni nikaliacha, nikapanda bodaboda, na usiku akanipigia. "Dada, njoo saa 12 na nusu asubuhi kabla sijawasha. Nataka uone kwa macho yako, siyo nikusimulie."

Nikaenda. Akaniambia nisimame nyuma, akawasha. Moshi wa bluu ukatoka sekunde chache, ukakata. Akaacha injini ipate joto, akakanyaga mafuta kwa nguvu, akaachia, akakanyaga tena. Moshi hakuna. Kwa maelezo yake, moshi wa kuwashia asubuhi unaokata haraka mara nyingi unatokana na sili za valvu: usiku oili inachuruzika kidogo kidogo hadi kwenye silinda, asubuhi inaungua. Ringi zikiwa ndizo zimekwisha, gari linafuka hata katikati ya safari, hasa likibeba mzigo au kupanda mlima.

Hakuishia hapo, na ndipo nilipoanza kuiona elfu 50 yangu. Alifungua plagi zote nne, akafunga geji ya kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, moja baada ya nyingine. Zote zilisoma kati ya psi 165 na 175. Iliyosoma chini akaidondoshea oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima upya. Mshale haukupanda kwa maana. Ringi zingekuwa zimelika, oili ile ingeziba upenyo kwa muda na kipimo kingeruka juu. Kisha akachomoa valvu ndogo ya kupumulia injini, ile wanayoiita PCV, akaitikisa sikioni kwangu. Nzima hutoa mlio wa kitu kinachocheza ndani. Yangu ilikuwa kimya, imejaa masizi. Ni kifaa cha bei ndogo, na kikiziba kinaisukuma oili iende isikotakiwa.

Nilichompendea ni kwamba hakuninyunyizia maji ya baraka. Aliniambia 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili hata kompresheni ikiwa safi, kwa sababu ringi za oili kwenye pistoni zinakwama kwa masizi. Kwa hiyo geji peke yake haitoshi, nipime ulaji wenyewe: gari lisimame tambarare, oili ijazwe hadi alama ya juu ya dipstiki, nitembee kilomita 1,000, nijaze tena nikipima nilichoongeza. Nimefanya hivyo baada ya kubadilisha PCV. Inakula kama theluthi moja ya lita. Vitabu vya magari mengi ya Toyota vinavumilia hadi lita 1 kwa kilomita hizo hizo. Kushusha injini kwa ajili ya theluthi ya lita ni kuchoma hela, kwa hiyo sasa nina chupa ya oili kwenye buti na kila Jumamosi nachomoa dipstiki. Hiyo ya Jumamosi si ya hiari. Kwenye injini hii kinachoikaza taiming cheni kinategemea presha ya oili, na oili ikishuka bila mwenye gari kujua, hapo ndipo ile hadithi ya kushusha injini inapokuwa ya kweli.

Kugonga kwa mbele hakukuwa shokapu. Zilikuwa stabilaiza linki, vijiti viwili vyenye vichwa vya mpira. Shokapu tatu ni kavu, moja ya nyuma ndiyo inavuja oili, na akasema shokapu hubadilishwa kwa jozi lakini hizi zinaweza kusubiri. Alipoweka jeki upande wa kushoto, akaingiza mtaimbo chini ya tairi na kunyanyua, akakuta boljointi ya chini, kiungo kinachoshikilia gurudumu, inacheza. Hapo uso wake ulibadilika. "Hii usiende nayo Iringa," akasema. Ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena. Kwenye orodha ya milioni nne boljointi haikuwepo.

Tairi nazo hazikuwepo, na hili ndilo limenifikirisha kuliko yote. Kashata za tairi zangu zilikuwa nzuri, hata trafiki asingesimamisha gari kwa ajili yake. Fundi akapiga magoti, akanionyesha tarakimu nne za mwisho kwenye ule msururu unaoanza na DOT: 1815. Yaani zimetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2015. Ubavuni zilikuwa na nyufa nyembamba pande zote. Jua la huku linakausha mpira, na lami ya mchana kati ya hapa na Mtera haina huruma kwa tairi la namna hiyo. Kwa nini gereji ya kwanza haikuziona? Sidhani kama walikuwa vipofu. Hawauzi tairi.

Rejeta ilipona kwa mfuniko. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, na kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko huo pamoja na kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Mpira wa mfuniko wangu ulikuwa mgumu na umepasuka, presha inatoroka. Ndani ya rejeta kulikuwa na utando mweupe, ule ule unaoonekana kwenye birika lolote la hapa mjini, kwa sababu mwenye gari wa zamani alikuwa anaongeza maji ya bomba. Tumesafisha, tumeweka kulanti, tumenunua mfuniko.

Taa ya injini ilikuwa na kodi, yaani namba ya hitilafu, P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi kwa mafuta yaliyopo. Kodi inakupa dalili tu, kifaa kilichoharibika unakitafuta mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapouziwa sensa. Hosi ya hewa inayotoka kwenye boksi la filta ilikuwa na ufa upande wa chini, hewa inaingilia hapo bila kupita kwenye sensa inayoipima, kwa hiyo haihesabiwi. Imewekwa hosi ya yuzdi, iliyokwisha kutumika. Filta yenyewe ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Karatasi niliyopewa ilikuwa imekatwa kutoka kwenye kaunta buku, yenye mafungu matatu: kabla ya safari, kabla ya mwaka kuisha, na achana nacho. Fungu la kwanza lilikuwa na tairi, boljointi, pedi za breki za mbele, maji ya breki ambayo yalikuwa meusi, hosi na mfuniko. La pili lina shokapu za nyuma na sili za valvu, tena hizo za valvu ikiwa moshi utazidi. La tatu ndilo nililolipenda: gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, inayotoa jasho la oili bila kudondosha, na injini maunti moja, mpira unaoshikilia injini, inayotikisa usukani gari likisimama kwenye taa. Ni vitu vibovu, hakuficha, lakini havimuui mtu wala injini. Kwa fungu la kwanza nimetumia chini ya nusu ya zile milioni, na tairi zimekula sehemu kubwa. Boljointi alinikataza yuzdi kabisa, akasema mpira uliozeeka Japani hauwi kijana ukifika Dodoma.

Sehemu moja sikukubaliana naye. Giaboksi ni otomatiki, oili yake ilikuwa imegeuka kahawia, yeye anaamini giaboksi inayobadilisha vizuri haiguswi. Nilimwomba amwage kinachotoka kwenye nati ya chini tu, kama lita 3, na kujaza kiasi hicho hicho cha oili ya giaboksi aina ya T-IV, bila kusukuma kwa mashine. Inabadilisha vizuri, ingawa hilo halithibitishi lolote kwa sababu hata mwanzo ilikuwa vizuri.

Kasoro zipo. Hana lifti, ana shimo na jeki, kazi inakwenda polepole na gari halirudi siku hiyo. Mwandiko wake unahitaji mkalimani, mwombe akusomee huku ukiandika kwenye simu. Kiyoyozi hagusi, anakuelekeza kwa mwingine. Na betri aliipima volti tu, haikupimwa ikiwa na mzigo, ikaonekana nzima, kisha ikafa Mtumba saa ya kutoka kazini wiki chache baadaye. Nilimwambia. Alikubali kwamba kipimo hicho hana, akasema atakitafuta. Ukienda kwake, betri ipime kwingine kwanza. Mwenye haibridi pia asipoteze muda wake pale.

Nyang'oro nimeshaupanda na kuushuka tangu hapo, geji ya joto ikabaki katikati. Zinazofuata ni shokapu za nyuma. Nimeuliza bei hapa na nimemtuma mtu aniulizie kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar. Tofauti yake haitoshi hata nauli ya kuzifuata Dar, kwa hiyo nitanunua hapa hapa mwisho wa mwezi.