Buti za ngozi za kazi Mombasa: tazama soli kabla ya ngozi

Pale Kongowea upande wa viatu, mnunuzi wa buti huikunja ngozi, huinusa, huipitisha kidole, kisha hulipa bila hata kuigeuza chini. Hapo ndipo pesa zinapopotelea. Ngozi nzuri inayopakwa mafuta huvumilia pwani miaka mingi. Soli ndiyo hufa mapema, na mara nyingi imeshakufa kabla gunia la mtumba halijafunguliwa.

Chanzo ni poliurethani, lile povu jepesi la soli ya kati kwenye buti nyingi za kazi na za milimani. Povu hili, hasa la aina ya poliesta, huvunjwa polepole na unyevu wa hewani, na joto huongeza kasi. Mombasa inayo yote mawili, Januari hadi Desemba. Buti iliyokaa ghalani miaka mitano inaweza kung'aa kama mpya, kisha siku ya pili ya kuvaliwa soli ikamung'unyuka kama mkate mkavu. Fundi hawezi kukusaidia kwa gundi, kwa sababu kilichooza ni soli yenyewe wala si kiungo chake.

Bonyeza ukucha wa kidole gumba ubavuni mwa soli, kati ya ngozi na raba ya chini. Povu zima hurudi mahali pake. Lililooza hubaki na kovu, hunata au hutoa unga. Kisha kunja buti kwa mbele mara kumi, kwa nguvu, uangalie nyufa zinapojitokeza kwenye mkunjo. Ukimaliza, igeuze. Soli nyingi za kumiminwa kwenye kalibu zina kiduara chenye mshale wa mwezi na tarakimu za mwaka. Buti za usalama za kiwango cha EN ISO 20345 ni lazima ziandikwe tarehe ya kutengenezwa, na hiyo utaipata kwenye lebo iliyoshonwa kwenye ulimi wa buti. Soli ya poliurethani iliyopita miaka minne siinunui, hata muuzaji akate bei nusu.

Soli ya raba haina ugonjwa huo, wala ya PVC. Hii ndiyo sababu buti kuukuu za Dr. Martens huvaliwa mjini bila shida. Modeli ya 1460 ilianza kutengenezwa tarehe 1 Aprili 1960 kijijini Wollaston, Uingereza. Soli yake ni PVC iliyounganishwa na welti, yaani ule mkanda unaozunguka buti, kwa joto na kwa uzi wa manjano. Tangu 2003 sehemu kubwa ya kazi ilihamia Asia, ingawa jozi zilizoandikwa kuwa za Uingereza bado hutoka Wollaston. Kwa mvaaji wa hapa, asili hiyo ina uzito mdogo kuliko hali ya ngozi na unene wa soli iliyobaki, kwa kuwa ikishalika, fundi wa kawaida hana mashine ya kuyeyushia nyingine. Tena 1460 ya kawaida haina chuma vidoleni, kwa hiyo gatini Kilindini si mahali pake.

Majina mengine nayo huchanganya watu. Buti zenye jina la Caterpillar hazitoki kwenye kiwanda cha matingatinga: hutengenezwa kwa leseni na Wolverine, kampuni ya viatu ya Michigan, Marekani. Red Wing ni jina la mji wa Minnesota ambako kampuni ilianza mwaka 1905. Baadhi ya modeli bado hushonwa huko na nyingine hutengenezwa nchi nyingine, basi soma lebo ya jozi uliyoishika mkononi. Za karibu zaidi ni Bata za Limuru. Kampuni ilizaliwa Zlín, nchi ya Wacheki, mwaka 1894, lakini buti ya Limuru haivuki bahari, na dukani unaipata mpya ukiwa na risiti. Kwa mfanyakazi anayehitaji buti moja ya kuaminika leo, na hana muda wa kuchimbua magunia, hiyo ndiyo ningemshauri.

Mtumba wa Ulaya una msaada mmoja ambao wengi hawaujui. Tafuta lebo yenye vijipicha: umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi, wavu ni kitambaa, almasi ni vitu vingine kama plastiki. Almasi ikiwa ndani ya umbo la ngozi, ni ngozi iliyopakwa tabaka la plastiki, nayo hupasuka kwenye mkunjo na kuchunika.

Kwa bandari na gereji, herufi zilizo leboni ndizo za kufuatwa. S3 ina kofia ya vidole inayohimili pigo la jouli 200, kinga ya msumari chini ya unyayo, na ngozi inayozuia maji kupenya. S1P ina kofia na kinga ya msumari, lakini maji huingia. Mchomeleaji atafute HRO: soli yake imepimwa kwa kugusa joto la digrii 300 kwa dakika moja, na kwa kawaida huwa ni raba ya nitrili.

Buti ya mshono wa Goodyear, yaani ambayo soli imeshonwa kwenye welti kwa uzi bila kuyeyushwa, ndiyo inayostahili kubadilishwa soli. Mwambie fundi akate mfereji wa milimita mbili hivi chini ya soli mpya ili uzi ulale ndani. Uzi ukiachwa juu, lami huusaga, na soli huachia kuanzia vidoleni. Uzi uwe nailoni au poliesta uliotiwa nta. Wa pamba huoza kwa jasho na chumvi. Gundi ipakwe pande zote mbili baada ya kusugua kwa msasa, isubiriwe dakika 10 hadi 15 mpaka iguswe bila kushika kidole, ndipo igongwe. Soli nyingi hubambuka kwa kuunganishwa gundi ikiwa mbichi. Kipande cha tairi kinafaa akala. Kwenye buti hakikunjiki, na mguu huchoka.

Buti ijaribiwe alasiri, miguu ikiwa imevimba kwa joto, pamoja na soksi za kazini. Namba 8 ya Uingereza huwa karibu na 9 ya Marekani na 42 ya Ulaya, na mtumba huzichanganya zote. Kwenye chuma cha vidole, piga magoti dukani: kikikugandamiza hapo, kitakuumiza kutwa nzima, maana chuma hakilegei kama ngozi.

Mistari myeupe ya chumvi ifute kwa kitambaa na maji baridi, jaza magazeti ndani, kausha kivulini. Jua la saa saba huikakamaza ngozi mpaka ikatike. Paka mafuta ikishakauka, kamwe si kabla. Kuvu ikitokea, siki na maji nusu kwa nusu huiondoa. Na usizifungie buti kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda: unyevu hubaki ndani, na povu huendelea kuoza.