Sehemu au desimali: ukokotoe kwa ipi?

Chukua −5/6 + 3/4. Kwa sehemu, tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 6 na 4, ambayo ni 12: −10/12 + 9/12 = −1/12. Jibu ni kamili. Kwa desimali, 5/6 ni 0.8333… isiyoisha. Ukiikata kuwa 0.83 utapata −0.08, zidisha kwa 12 na inatoka −0.96 badala ya −1. Kosa dogo la mwanzo limekua.

Kipimo cha kuchagua ni rahisi: rahisisha sehemu kwanza, kisha tazama asili (namba ya chini). Ikiwa namba tasa zinazoigawanya ni 2, 5 au zote mbili tu, desimali itaisha (7/40 = 0.175). Ikigawanyika kwa 3, 7 au namba tasa nyingine yoyote, baki kwenye sehemu.

Pale desimali inapoisha, kujumlisha na kutoa ni kwepesi zaidi kwa desimali. 2.75 − 4.3: andika 4.30, panga nukta chini ya nukta, toa ndogo kwenye kubwa upate 1.55, kisha weka alama ya hasi: −1.55. Wengi hupanga tarakimu za mwisho badala ya nukta, na hapo ndipo mambo huharibika.

Kugawanya? Sehemu, bila kusita. 3/4 ÷ (−1/8) ni 3/4 × (−8) = −6. Geuza sehemu ya pili tu, ya juu iwe chini. Ukigeuza ya kwanza unapata −1/6. Kwa desimali, 0.75 ÷ (−0.125) hukulazimu kwanza kuzidisha zote mbili kwa 1,000.