Malasada au sonho: upike ipi nyumbani?

Wareno wana donati kadhaa za kukaanga na kuviringisha kwenye sukari. Kwa jiko la nyumbani nachukua mbili: malasada ya visiwa vya Azores, inayoliwa kabla ya Kwaresima, na sonho ya Krismasi.

Malasada ni ya hamira. Kanda unga wa ngano, mayai, maziwa ya uvuguvugu, siagi na sukari kidogo, kisha acha donge liumuke mpaka liwe maradufu. Litanatanata, usishawishike kuongeza unga, kwani ulaini wote uko hapo. Paka mikono mafuta, chomoa kipande, kivute hadi katikati kiwe chembamba na kingo zibaki nene, halafu kitumbukize kwenye mafuta ya nyuzi 175 hivi. Wareno walioanza kwenda Hawaii mwaka 1878 kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa waliondoka na ujuzi huu. Siku hizi huko huijaza krimu, jambo ambalo kwangu ni kuzidisha.

Sonho haina hamira wala kusubiri. Maji, siagi na chumvi vikichemka, mwaga unga wote kwa mpigo na usonge kwa mwiko kama ugali mpaka uachane na sufuria. Ukipoa kidogo, tia mayai, moja baada ya jingine. Chota kwa kijiko, kaanga kwa moto wa wastani. Mkali utaziunguza nje huku ndani mbichi.

Wageni wa ghafla? Sonho. Ukiwa na asubuhi nzima, malasada, tena ziliwe zingali moto.