TAHADHARI: Picha ni ya kiatu chenye mapezi, mzigo ukifika ni soksi za ufukweni

Wadau wa mazoezi ya majini, kaeni chonjo. Kuna muuzaji anayetangaza viatu vya kukimbilia bwawani kupitia Instagram na magrupu ya WhatsApp. Ukurasa unabadilika jina, picha ni zilezile: kiatu chenye mapezi ya mpira pembeni, mfano wa vile vya AQx, chapa ya Marekani ya viatu vya mazoezi ya majini. Hiyo picha ni ya kiatu cha kweli. Tatizo ni kinachotoka kwenye mfuko.

Wengine wanapata soksi za neoprini (mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi) zenye soli nyembamba ya mpira, zile za kukanyagia mchanga na mawe ya ufukweni. Wengine wanapata yeboyebo za povu zilizobandikwa vipande vya plastiki. Na wapo wanaopata kiatu halisi kabisa, ila kimelala stoo miaka mingi hadi soli imeoza kwa ndani. Hao ndio wanaochelewa kujua, maana kwa macho kiatu ni kipya na boksi lake lipo.

Ukitaka kumjua anayebahatisha, sikiliza kama anakuuliza unakimbilia kina gani. Kwenye kina kirefu unafunga mkanda wa kuelea kiunoni, maji yanakufika mabegani na mguu haugusi chini. Huko mapezi yana kazi, kwa sababu yanaongeza eneo linalosukuma maji mguu unaposhuka na kurudi nyuma. Kwenye maji ya kifuani unakanyaga vigae, kwa hiyo unachohitaji ni soli isiyoteleza na matundu ya kutolea maji. Soli nene ya kudunda anayoisifia haina maana kubwa hapo: maji yakifika kifuani, miguu inabeba takriban theluthi moja tu ya uzito wako. Muuzaji anayesema kiatu kimoja "kinafaa kote, hata baharini na kwenye tope" anauza chochote alichonacho.

Kuibiwa hela kunauma, lakini kuna jambo baya zaidi kwenye tangazo lake. Anaandika kwamba viatu "vinakuelesha, mkanda hauhitajiki". Msikubali. Povu likiwa miguuni linavuta miguu juu, na kiwiliwili kinapinduka. Mtu asiyejua kuogelea anajikuta miguu iko usawa wa maji na uso umeelekea chini, na hawezi kuirudisha miguu chini yake kwa haraka. Vipo vifaa halali vya povu vinavyofungwa kifundoni kuongeza ukinzani, lakini hivyo hutumika pamoja na mkanda, na anayevitumia awe ameshazoea kusimama wima kwenye kina. Kinachokushikilia ni mkanda. Kiatu hakimwokoi mtu.

Ukiletewa mzigo, usikabidhi hela kabla ya kuukagua. Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiatu, mimina maji ndani, tazama chini. Kiatu cha majini hutoa maji papo hapo kwa matundu ya soli na ya pembeni. Cha bandia maji yanatuama, kwa sababu yale "matundu" ni vibonyeo tu vilivyopakwa rangi nyeusi. Mara nyingine soli imetobolewa kweli, lakini soli ya ndani imegandishwa juu yake na kuziba kila kitu, kwa hiyo inyanyue uone.

Halafu shika pezi kwa kidole gumba na cha shahada, livute kuelekea nje. La kweli limesubuliwa pamoja na mwili wa kiatu, linapinda na kurudi. La gundi linaonyesha uwazi mwembamba kwenye ukingo, na hapo ndipo litakapobanduka. Ukinzani wa maji hauongezeki kidogo kidogo: ukikimbia mara mbili ya kasi unaongezeka mara nne. Gundi ya kawaida ya viatu, ndani ya maji yenye klorini, haistahimili kuvutwa hivyo kila hatua.

Kwa kile cha stoo, bonyeza soli kwa ukucha pale kati, kwenye tao la mguu, kisha ikunje. Soli ya poliuretani (plastiki ya povu inayotumika sana kwenye soli) hushambuliwa na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa, na joto letu la pwani linaharakisha. Ukiona nyufa ndogondogo, unga unaobaki kidoleni au hali ya kunatanata, kirudishe. Kitameguka bwawani, na vipande vitaishia kwenye chujio la maji.

Kipimo nacho anakikosea makusudi. Anasema "chukua namba moja juu". Kiatu hiki huvaliwa bila soksi au kwa soksi nyembamba, na kikilegea maji yanaingia na kukivuta kisigino. Utachubuka kabla dakika ishirini hazijaisha.

Malipo anayataka yote mapema, kwa namba binafsi ya simu, si Lipa Namba ya duka. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Likitofautiana na jina la biashara, acha. Mwombe pia video fupi ya kiatu kikimiminiwa maji, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni yake. Mwenye mzigo mkononi hashindwi hilo. Huyu anajibu "mteja, unanichelewesha", kisha anakublock.

Kama umeshatuma hela, mpigie mtoa huduma wako mara moja, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala hairudi. Tanzania, namba ya tapeli iripotiwe 15040, na bidhaa bandia zipelekwe Tume ya Ushindani (FCC). Kenya ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Ila kabla hujamgombeza, piga picha za skrini: tangazo, mazungumzo, ujumbe wa muamala. Akishakublock ukurasa huuoni tena, na polisi watakachokuomba kwanza ni hizo picha.