London hadi Paris: ndege au treni ya Eurostar?

Kwa mstari ulionyooka, London na Paris zimeachana kilomita 344 hivi. Ndege iliyokwisha kushika mwendo ingeumaliza umbali huo kwa nusu saa, lakini tiketi huandika saa moja na robo au zaidi kidogo. Si uongo. Muda huo huhesabiwa tangu ndege inapotoka kwenye maegesho hadi inaposimama tena. Hewani ni kama dakika 50, na zilizobaki huliwa na foleni ya kuruka Heathrow, uwanja wa ndege wa London wenye njia mbili tu za kurukia, kisha kutambaa chini baada ya kutua Charles de Gaulle, uwanja wa Paris.

Tahadhari na saa: Paris iko mbele kwa saa moja mwaka mzima. Ndege ikiondoka London saa 4:00 asubuhi itafika saa 6:20, lakini ya kurudi ya saa 4:00 itafika 4:20. Usidhani ya kurudi inakimbia zaidi.

Sasa piga hesabu ya mlango kwa mlango, tuseme kutoka Trafalgar Square, katikati ya London, hadi Gare du Nord, kituo cha treni cha Paris. Treni ya chini ya ardhi hadi Heathrow, karibu saa nzima. Ukaguzi na kusubiri, saa mbili. Safari yenyewe, saa moja na robo. Pasipoti na sanduku, dakika 40 siku ikiwa njema. Treni ya RER B hadi mjini, nusu saa na ushei. Saa tano na nusu hizo, na hujakosea njia.

Eurostar hupita reli ya kilomita 492, tena chini ya bahari hupunguza mwendo kutoka kilomita 300 hadi 160 kwa saa, na bado hufika kwa saa mbili na dakika 20 hivi. Siri yake ni kwamba polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti St Pancras, kituo chake cha London, kabla hujapanda. Ukishuka Gare du Nord unatembea tu hadi barabarani. Jumla ni kama saa nne. Sanduku mbili kubwa na begi la mkononi ni bure, hakuna mizani, na chupa ya maji haitupwi.

Kasoro zipo. Lango hufungwa dakika 30 kabla ya kuondoka, na foleni ya asubuhi ni ndefu, kwa hiyo fika dakika 75 mapema. Ukumbi wa kusubiri ni finyu kwa treni ya watu karibu 900. Treni yenyewe ina urefu wa mita 400. Behewa lako likiwa la mwisho, sanduku liwe na magurudumu mazima. Treni moja ikikwama ndani ya handaki, za nyuma yake zote husubiri. Tiketi ya dakika za mwisho ni ghali mno. Na sambusa za nyama ulizofungiwa na shangazi, zimalize ukiwa London: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingizwa Umoja wa Ulaya.

Ndege inafaa kama unatoka Nairobi au Dar na tiketi moja inayopitia Heathrow hadi Paris, kwani sanduku huenda lenyewe. Ukitaka kutoka uwanjani ukapande treni, utahitaji viza ya kuingia Uingereza mbali na ya Schengen ya kuingia Ufaransa. Na aliyeko London kwa viza ya kuingia Uingereza mara moja asikate tiketi ya kwenda na kurudi, maana kurudi atazuiwa palepale Gare du Nord, ambako Waingereza nao hukagua kabla ya kupanda.