Kompyuta ya mezani Kisumu: kuunda mwenyewe au kununua iliyotumika?

Radi ilipiga jioni moja, stima ikapotea, na iliporudi kompyuta yangu ya eks-UK, yaani iliyotumika kwanza Uingereza, haikuwaka tena. Kilichoungua ni pawa saplai peke yake, kile kifaa kinachogawa umeme ndani. Fundi akatoa nyingine mpya kabatini, akaigeuza mara mbili, akairudisha: plagi yake ina pini 24, ubaomama wangu, ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote, ulitaka sita. Nikangoja wiki mbili kipuri kitoke Nairobi kwa basi.

Hapo ndipo nilipoanza kuunda zangu. Si kwa ajili ya bei. Anayekwambia kuunda ni rahisi kuliko eks-UK hajapiga hesabu. Ni kwamba sehemu zikiwa za kawaida, ikifa moja unabadilisha hiyo moja, leo leo.

1. Kuunda mwenyewe. Kwa anayehariri video, anayechora majengo au mchezaji wa gemu. Ukiwa na bajeti ndogo, anza na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600G: ina viini sita, na picha inatoka humo humo, kwa hiyo kadi ya grafiki unaweza kuinunua mwakani. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, nunua vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Grafiki ya ndani inategemea kasi ya RAM, na viwili huipa njia mbili.

Kazi yenyewe ni ya alasiri moja. Kwenye kona ya prosesa hiyo kuna pembetatu ndogo ya dhahabu. Ilinganishe na alama ya soketi, kisha iachie ishuke kwa uzito wake. Ukijikuta unasukuma, simama, maana chini kuna pini zaidi ya 1,300 nyembamba kama nywele.

Ukitaka kubana pesa, bana kwenye kasha na taa zake. Pawa saplai usiibanie hata kidogo: ikiwa nyepesi mkononi kama kopo tupu, mrudishie mwenye duka.

2. Eks-UK, ile ndefu. Kwa saiba, kuchapa na kazi za shule, hii inaishinda namba moja, nakubali. Ila ile ndogo ya kulala hupokea kadi fupi tu za grafiki. Soma namba ya prosesa kabla ya kulipa: i5-8500 ni kizazi cha nane na inakubali Windows 11, i5-6500 haimo kwenye orodha ya Microsoft, na Windows 10 iliachishwa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Pia uliza kama kuna pawa saplai ya akiba ya modeli hiyo hiyo.

3. Iliyoundwa dukani. Taa nyingi, kioo ubavuni. Omba ifunguliwe, usome jina la pawa saplai. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.

4. Mpya ya kampuni. Ya ofisi zenye bajeti na mkataba wa matengenezo. Nyumbani unalipia nembo, na plagi mara nyingi ni zile zile za ajabu.

Yoyote utakayochukua, tenga pesa ya UPS, betri ya kuishikilia stima ikipotea. Na kwa walio karibu na ziwa: chagua kasha lenye chujio la kuvutika mbele. Usiku wa visubi, wanafuata mwanga wa skrini, feni inawavuta ndani, na asubuhi unakuta chujio limevaa utando wa kijivu. Suuza kwa maji, anika, rudisha likikauka.