TAHADHARI: Chakula cha mbwa cha "Sauzi" na unga wa kusimamisha masikio

Wafugaji wenzangu wa Dar, hasa wa Tegeta, Boko na Bunju: kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram akiuza chakula cha mbwa na paka, anasema ni "orijino kutoka Sauzi", kwa nusu ya bei ya dukani, na bodaboda anakuletea mpaka getini. Msinunue. Aliyekwisha kununua aache kulisha leo hii, asisubiri kiroba kiishe.

Jina la biashara silitaji kwa sababu halitawasaidia. Ameshalibadilisha, na laini ya simu pia, picha tu ndizo zilezile. Mtamjua kwa mtindo wake. Hana duka. Ukimuuliza alipo anakwambia, "Stoo ipo Kariakoo dada, ila mteja hafiki stoo." Hela inatangulia, na jina linalotokea ukituma ni la mtu mwingine kabisa. Ukimuuliza habari za daktari, anajibu kwamba dokta ni yeye mwenyewe, na kila shida ya mnyama wako ina kopo lake.

Mimi nilichukua kiroba cha kilo 15 kwa shilingi 45,000. Mfuko ni wa kampuni inayojulikana, umechapwa vizuri, lakini mdomo umeshonwa kwa mkono kwa uzi wa viroba vya mchele, na matundu ya mshono wa kiwandani bado yanaonekana pembeni yake. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo kwenye stika. Nikaibandua kwa ukucha: chini yake wino wa kiwandani umefutwa, pamebaki kivuli cha tarakimu. Namba ya toleo haipo kabisa. Ndani ndiyo balaa. Punje za maumbo matatu zimechanganywa pamoja, na mojawapo ni vile vijiti vifupi vya rangi ya pumba ambavyo mfugaji yeyote wa kuku anavijua. Chini ya kiroba vumbi limeshikana mabonge, lina utando kama wa buibui, na linanuka stoo iliyovujiwa na mvua.

Mbwa wangu hawakuonja. Jirani yangu alikuwa ameshamlisha jike lake chakula cha mtu huyohuyo. Mbwa akasusa chakula, akaanza kutapika, mkojo ukawa mzito kama chai ya rangi. Daktari alipomfunua mdomo, fizi zilikuwa za manjano; ini lilikuwa limeshashambuliwa. Akaomba aone chakula, akakinusa, na cha kwanza alichotaja ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye chakula. Mbwa aliwekewa dripu lakini hakupona. Watoto wa nyumba ile mpaka leo wanamuulizia.

Sumukuvu ndiyo ile iliyoua watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo anayekushauri "changanya kwenye ugali uchemke" anakupoteza. Na tuseme ukweli hapa: majumbani mwetu mahindi yakipata ukungu tunayatenga tukisema hayo ni ya mbwa. Sumu ni ileile, na ini la mbwa haliihimili. Mwishoni mwa 2020 huko Marekani chakula cha chapa ya Sportmix, kilichotoka kiwandani kabisa, kilikutwa na sumukuvu kupita kiasi, na zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa. Lakini kule mifuko ilikuwa na namba, watu wakajua upi wa kurudisha na upi wa kutupa. Hiki cha kwetu kimeshonwa uani kwa mtu, namba imefutwa, utakifuatilia wapi?

Vile vijiti vya kuku navyo si vya kupuuza. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia koksidia (vijidudu vinavyoharibu utumbo wa kuku), kama monensini na salinomisini, na dawa hizo zinaweza kumlegeza mbwa au paka miguu mpaka ashindwe kusimama.

Kinachoniuma zaidi ni unga wa masikio. Anawawinda watu wenye watoto wa German Shepherd. Akiona tu umeweka picha ya mtoto mwenye masikio yaliyolala, anakufuata inboksi: "Yakishapita miezi minne hayasimami tena bila kalsiamu, dada." Ni uongo. Masikio ya German Shepherd husimama kwa wakati wake, wengi kati ya miezi mitatu na sita, na mtoto akianza kung'oa meno yanaweza kulala tena hata kama yalikuwa yameshasimama, kisha yakarudi yenyewe. Ndiyo maana ana ushuhuda mwingi wa watu wasio na hila: wamenunua unga mbwa akiwa wa miezi minne, masikio yakasimama akiwa wa mitano, wakausifia unga kwa kazi ambayo mwili ungeifanya bila wao kutoa senti.

Laiti ingekuwa hasara ya pesa tu. Sikio limeshikiliwa na gegedu, si mfupa, halihitaji kalsiamu ili lisimame. Mifupa ndiyo inayoathirika. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa, katika miezi yake ya mwanzo, hana uwezo mzuri wa kuikataa kalsiamu iliyozidi. Inaingia mwilini, mifupa inakua vibaya, miguu ya mbele inapinda. Chakula kamili cha watoto wa mbwa wakubwa kina kalsiamu iliyokwisha kupimwa. Anayelisha ugali na mapupu peke yake huenda kweli akahitaji kuongeza, lakini kipimo atoe daktari aliyeusikia mlo wote. Kopo la huyu bwana halisemi ndani kuna nini. Limeandikwa "kijiko asubuhi na jioni", basi, iwe mbwa ana kilo tano au arobaini.

Wenye paka anawaambia chakula ni kilekile, tofauti ni udogo wa punje. Paka lazima apate taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama, katika mlo wake, na chakula cha mbwa huenda kisiwe nayo ya kumtosha. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Ile mifupa yake ya ngozi ya kutafuna, myeupe kama chaki na inayonuka dawa ya kufulia, iacheni hukohuko.

Sisemi kila anayeuza kwa kupima ni tapeli. Wengi wetu hatuwezi kununua mfuko mzima, na yapo maduka ya dawa za mifugo yanayopima kwa uaminifu. Omba uuone mfuko wenyewe, piga picha tarehe na namba ya toleo, viwe vimechapwa kiwandani na si stika, kisha upimiwe ukiona. Soma lebo: viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, na chakula kizuri kinasema wazi kama ni mlo kamili, na ni wa mnyama wa umri gani. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, ondoka.

Mwenye kiroba kilichobaki asikitupe, wala asiwape kuku. Chota kidogo juu, katikati na chini, weka kwenye mfuko mkavu, andika tarehe. Maabara Kuu ya Veterinari ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Temeke inapima vyakula vya mifugo. Anayejiita dokta ulizieni Baraza la Veterinari kama amesajiliwa, na makopo ya dawa ni ya kuripoti TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Meseji za muamala msizifute, polisi watazihitaji. Mimi na jirani tunakusanya picha za stika, makopo na namba zilizopokea hela ili tupeleke kwa pamoja. Mwenye chochote anitumie inboksi, hata kama alinunua zamani.